FGF21 haiamshi ERK kwenye seli za 3T3-L1: kosa liko kwenye kichupa au kwenye seli?

Mtafiti_Kaole (Bagamoyo)

Habari za leo wanajamvi. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi na protini rekombinanti za utafiti wa kisukari na unene.

Nina FGF21 ya binadamu (homoni ya protini inayogusa matumizi ya sukari na mafuta mwilini) iliyozalishwa ndani ya bakteria wa E. coli, poda kavu, mikrogramu 50 kwa kichupa. Lengo ni kuona kama seli za mafuta za 3T3-L1 zinaiitikia, kabla hatujaingia kwenye majaribio ya ukinzani wa insulini. Poda yote niliiyeyusha kwa mililita 5 za PBS, ikawa mikrogramu 10 kwa mililita. Nikaihifadhi kwenye mrija wa polistirini wa mililita 15 ndani ya friji ya nyuzi 4. Ndani ya wiki mbili umeme ulikatika mara tatu, mara moja kwa saa sita nzima.

Seli ni pasaji ya 24 (zimeshagawanywa na kuoteshwa upya mara 24), zimekuzwa kwa FBS, seramu ya ng'ombe aliye bado tumboni, asilimia 10. Zilipojaa nilizipa IBMX, deksamethasoni na insulini kwa siku mbili ili zigeuke kuwa seli za mafuta, kisha insulini peke yake siku mbili nyingine. Siku ya 6 nilizinyima seramu saa 4, nikabadilisha midia, nikaweka mikrolita 40 za FGF21 kwenye mililita 1 (karibu nanomola 20), dakika 10, nikavuna.

Kwenye bloti, p-ERK (ERK, protini ya kupitisha ishara ndani ya seli, ikiwa imeamshwa kwa kubandikwa fosfati) ni nene kwenye kisima cha sahani chenye FGF21 na nene vilevile kwenye kisima kisichopewa kitu. ERK ya jumla iko sawa. Muuzaji anasema protini ni nzima na cheti kinaonyesha usafi wa zaidi ya asilimia 95. Kichupa cha pili hakijafunguliwa. Nikifungue nirudie, au nianzie kwingine?

Chumbageni_Bio (Tanga)

Kaka, kichupa cha pili kiache palepale kilipo. Kwa jinsi ulivyoeleza, jaribio hili lisingeweza kukujibu hata kama FGF21 ingekuwa imetoka kiwandani asubuhi ile.

Anza na ile p-ERK nene ya kisima kitupu. Maana yake ERK ilikuwa imeshaamka kabla FGF21 haijafika. Ulibadilisha midia na papo hapo ukaweka protini. Kumwaga na kumimina huzitikisa seli na kuzibadilishia joto na pH, na ERK huitikia msukosuko huo ndani ya dakika chache. Zilaze seli njaa kwenye DMEM (midia ya kukuzia) yenye BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 0.5 isiyo na asidi za mafuta, saa 4 au usiku kucha, na ukishaiweka midia hiyo usiibadilishe tena. Andaa FGF21 yenye ukolezi mara 10 ndani ya midia ileile, ipate joto la 37, kisha dondoshea mikrolita 100 juu ya 900 zilizomo, taratibu, ukutani mwa kisima. Kisima cha kulinganishia nacho kipate mikrolita 100 za midia yenye bafa ya protini bila protini yenyewe. Vuna dakika ya 5, ya 10 na ya 20.

Sasa kiini cha tatizo. FGF21 haifungui mlango kwa kipokezi chake, FGFR1c, pekee. Lazima beta-Klotho, protini saidizi ya kipokezi hicho, iwepo pembeni: yenyewe hushika mkia wa FGF21, ule mwisho wa C, ndipo FGFR1c inaamka. 3T3-L1 ambayo haijageuka kuwa seli ya mafuta ina kipokezi cha FGFR1 ila beta-Klotho yake ni kidogo mno. Huongezeka kadiri seli inavyokomaa. Kwa hiyo sahani ambayo seli nyingi hazijageuka itakaa kimya mbele ya FGF21 nzuri kabisa, na wewe utamlaumu muuzaji. FGF2, ndugu yake FGF21, haihitaji beta-Klotho, ndiyo maana huamsha hata zile ambazo hazijageuka.

Nijibu hili: chini ya hadubini, kati ya seli mia, ngapi zina matone ya mafuta yanayong'aa kama shanga? Chini ya sabini usianze jaribio lolote la FGF21.

Na kila sahani iwe na visima vya ushahidi. Kisima cha kwanza kipe FBS asilimia 10 kwa dakika 10: p-ERK isipopanda hapo, tatizo ni bloti au uvunaji. Cha pili kipe insulini nanomola 100 kwa dakika 10, usome p-AKT ya Ser473 (AKT, protini ya ishara ya insulini, iliyobandikwa fosfati). Seli za mafuta zilizokomaa huitikia insulini kwa nguvu, zile changa huitikia kinyonge, kwa hiyo kisima hicho kinakupa habari mbili kwa mpigo. Hata insulini ya duka la dawa inafaa, ile angavu ya kutenda haraka ya yuniti 100 kwa mililita. Ile nyeupe kama maziwa usiitumie. Yuniti moja ni miligramu 0.0347, kwa hiyo mililita moja ina miligramu 3.47, sawa na mikromola 600 hivi. Weka mikrolita 10 kwenye 990, upate mikromola 6. Chukua 100 za hiyo kwenye 500, upate mikromola 1. Hiyo ndiyo ukolezi wako wa mara 10.

Kuvuna: sahani juu ya barafu, bafa ya kuvunjia seli iwe na sodiamu othovanadeti milimola 1 na sodiamu floridi milimola 10, la sivyo fosfati zinang'olewa kabla hujafika kwenye jeli. Ukizungusha g 12,000 kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4, utando mweupe wa mafuta utaelea juu. Pitisha ncha ya pipeti pembeni, izame chini ya utando, uvute majimaji ya katikati. Ukivuta na mafuta, kipimo cha wingi wa protini cha BCA kitakudanganya na mistari ya jeli itapinda. Kuzuia utando wa bloti tumia BSA asilimia 5 kwenye TBS yenye Tween. Maziwa yana kaseini, nayo imejaa fosfati.

Bafa_Baridi (Bagamoyo)

Nakubaliana na ndugu wa Tanga kuhusu seli, ila mrija wa kwanza nao tusiutetee. Mikrogramu 10 kwa mililita bila protini ya kubebea, ndani ya polistirini, wiki mbili kwenye nyuzi 4: sehemu kubwa ya FGF21 itakuwa imeshikamana na ukuta wa mrija. Protini ikiwa chache hivyo, plastiki inachukua fungu lake kwanza. Umeme ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi, lakini hata bila kukatika usingebaki na nanomola 20.

Siku ukifungua kichupa cha pili, fanya hivi. Kitoe kwenye friza, kiache ndani ya mfuko wake uliofungwa, na kifuko cha kukaushia humohumo, kwa nusu saa mezani. Pwani hii hewa imejaa maji. Ukifungua kichupa baridi, unyevu unatua ndani kama umande kwenye bilauri ya maji ya barafu, na poda inalowa kabla hujaipimia chochote. Kisha kizungushe g 3,000 kwa dakika moja. Poda ya mikrogramu 50 huenda usiione kabisa kwa macho, na mara nyingi imeruka na kushika kwenye kifuniko. Wengi hutupa nusu ya protini pamoja na mpira wa kifuniko.

Soma cheti: kimeandikwa iyeyushwe kwa nini? Mara nyingi kiwanda hukausha protini pamoja na chumvi za bafa. Ukiongeza PBS unazidisha chumvi mara mbili, wakati maji safi yasiyo na vijidudu yangetosha. Weka mikrolita 500, upate mikrogramu 100 kwa mililita, yaani mikromola 5 na ushee, kwa kuwa FGF21 iliyokomaa ina amino asidi 181 na uzito wa kilodaltoni 19.4 hivi. Usiitikise wala usiipitishe kwenye votekisi, kwa sababu povu huifumua protini. Kizungushe kichupa kwa vidole, kilaze, subiri dakika 15, kipindue, subiri tena. DTT, kemikali ya kuvunja madaraja ya salfa, isisogee karibu, maana FGF21 ina daraja moja la salfa kati ya sisteini mbili na ukilivunja umbo linalegea.

Baada ya hapo ongeza BSA hadi ifike asilimia 0.1, ugawe mikrolita 20 kwenye vijirija vya polipropilini vya kushika protini kidogo. Kila kijirija kina mikrogramu 2, zinazotosha kisima kimoja cha mililita 1 kwa nanomola 100. Kikitoka kwenye barafu kinatumika siku hiyohiyo, hakirudi.

Kugandisha kuwe kwa haraka. Wahimilishaji wa ng'ombe wa maziwa hubeba naitrojeni ya maji kwenye mitungi yao, na lita moja inatosha kugandisha vijirija vyote hivi ndani ya dakika chache. Kwa kuhifadhi, nyuzi -80 ndiyo bora. Kama una -20 tu, isiwe friza ya kujiyeyushia barafu yenyewe. Ile hupandisha joto kila siku bila wewe kujua, na kila mpando ni kuyeyuka kidogo na kuganda tena. Weka vijirija katikati ya sanduku la povu lililopangwa vifuko vya jeli vilivyoganda. Halafu gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya barafu, kikombe kikae pembeni ya sanduku. Siku ukiikuta sarafu imezama katikati ya barafu, jua friza iliyeyuka na kuganda tena ukiwa hupo.

Mtafiti_Kaole (Bagamoyo)

Nashukuru sana, ndugu zangu. Majibu: nimehesabu maeneo matano chini ya hadubini, kama seli 15 kati ya mia ndizo zenye matone. Cheti kinasema iyeyushwe kwa maji safi, na ina mkia wa histidini upande wa N. Endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) imeandikwa chini ya EU 1 (yuniti ya endotoksini) kwa mikrogramu. Je, kiwango hicho kinatosha? Na je, naweza kupima kilichobaki kwenye ule mrija wa zamani kwa mwanga wa nanomita 280?

Seli_na_Mafuta

Mkia wa histidini upande wa N ni habari njema. Ungekuwa upande wa C ningekushauri ubadilishe bidhaa, kwa sababu mwisho ule ndio unaoshikwa na beta-Klotho, na kitu chochote kilichobandikwa pale kinaukwaza. Kwa sababu hiyohiyo, kimeng'enya cha FAP kikiikata FGF21 ya binadamu baada ya prolini ya 171, kazi inakufa hata kama karibu protini yote bado ipo na kipimo cha ELISA kinaweza kuendelea kuiona.

Endotoksini inategemea unapima nini. EU 1 ni kama nanogramu 0.1 ya LPS, yaani endotoksini yenyewe. Ukiweka mikrogramu 2 kwa mililita, unaweza kuwa unaingiza hadi nanogramu 0.2 kwa mililita. Kwa p-ERK ya dakika 10 sitalihofia sana. Lakini ukienda saa 24 na kupima jeni za uvimbe kama IL-6 na MCP-1, au ukichanganya seli za mafuta na makrofaji, tafuta bidhaa ya chini ya EU 0.1 kwa mikrogramu, maana LPS kupitia kipokezi chake TLR4 inaamsha hizohizo jeni na hata ERK. Weka kisima chenye polimiksini B mikrogramu 10 kwa mililita pamoja na FGF21: jibu likipotea, ulikuwa unasoma bakteria. Kuna wanaochemsha protini nusu saa wakisema LPS itabaki na protini itakufa. Peke yake hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya protini ndogo hujikunja upya zikipoa.

Nanomita 280 kwenye mikrogramu 10 kwa mililita ni kubahatisha, na kwenye vijirija vyenye BSA haiwezekani kabisa kwa sababu utakuwa unapima albumini. Tumia jeli. Zungusha mrija wa zamani g 13,000 kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4, uone kama kuna punje chini. Pakia mikrolita 20 za juu, ambazo zingekuwa mikrogramu 0.2 kama hakuna kilichopotea, na pembeni upange lisozimu ya mikrogramu 0.05, 0.1, 0.2 na 0.5. Paka rangi ya Coomassie. FGF21 yako itasimama kati ya kilodaltoni 20 na 25. Linganisha unene wa mistari kwa macho tu, inatosha. Sampuli nyingine iendeshe bila merkaptoethanoli. Ukiona mstari kwenye 40, molekuli zimeanza kushikana mbili mbili.

Kingine, kwa anayesoma uzi huu akitafuta dawa: vichupa hivi vimeandikwa vya utafiti pekee. Hakuna aliyevihakiki kwa kuchomwa mwilini. FGF21 ya asili haidumu kwenye damu hata saa chache, ndiyo maana zinazojaribiwa kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta, kama efruxifermin na pegozafermin, ni molekuli zilizobadilishwa ili zidumu. Poda ya maabara isimkaribie mgonjwa.

Chumbageni_Bio (Tanga)

Kumi na tano kati ya mia, basi chanzo tumekipata. Turekebishe seli.

Pasaji ya 24 ni uzee kwa 3T3-L1. Rudi kwenye ampuli ya mapema, ufanye kazi chini ya pasaji ya 12 hivi. Kabla ya kuzigeuza zikuze kwa seramu ya ndama asilimia 10, si FBS. FBS iwe ya kuanzia siku ya kuzigeuza. Na kosa linaloua uwezo wao kimyakimya ni kuziacha zijae sahani wakati wa kuzikuza tu. Gawa zikifika asilimia 60 au 70. Zikishagusana mara moja na ukazigawa, zile zinazopenda kugeuka zinapungua na zinazokua ovyo zinabaki.

Ukitaka kuzigeuza, ziache zijae, kisha subiri siku mbili kamili zikiwa zimejaa. Siku hiyo, iite 0, weka DMEM yenye FBS asilimia 10, IBMX milimola 0.5, deksamethasoni mikromola 1, insulini mikrogramu 10 kwa mililita, na rosiglitazoni mikromola 2. Rosiglitazoni ndiyo uliyoikosa, na kwa seli zilizochoka inasaidia mno. IBMX haiyeyuki vizuri kwenye maji: yeyusha kwenye DMSO, uidondoshe kwenye midia yenye joto huku ukizungusha chupa. Ukiona chembe kama sindano, haikuyeyuka, usiitumie. Insulini ya poda iyeyushe kwa asidi ya haidrokloriki mola 0.01, maana kwenye pH ya kawaida inabaki kama ukungu. Siku ya 2 insulini peke yake. Siku ya 4 midia tupu yenye FBS, ubadilishe kila baada ya siku mbili. Jaribio lifanyike siku ya 8 hadi ya 10. Siku ya 6 uliwahi mno. Kuanzia hapo seli zinaelea kirahisi kwa sababu ya mafuta, hivyo midia uivute kwa pipeti ya mkono, usitumie pampu. Sahani moja ya ziada ipake Oil Red O, rangi ya mafuta, upate ushahidi wa picha.

Bajeti: mikrogramu 50 ni vijirija 25 kwenye karatasi, hesabu 23 mkononi. Sahani ya visima 12, FGF21 kwa nanomola 1, 10 na 100, kila kimoja mara mbili, inakula chini ya mikrogramu 5. Visima sita vinavyobaki: bafa viwili, FBS kimoja, insulini kimoja, FGF21 ya mrija wa zamani kimoja, FGF21 na polimiksini B kimoja. Hepari huihitaji, FGF21 inaishika kwa udhaifu mno, tofauti na FGF1 na FGF2.

Mtafiti_Kaole (Bagamoyo)

Wiki nne baadaye, narudisha majibu kama ilivyo ada. Jeli ya mrija wa zamani: mstari hafifu, chini ya ule wa lisozimu ya mikrogramu 0.05, kwa hiyo zaidi ya robo tatu ilishapotea. Seli mpya za pasaji ya 8 zilifika 80 kati ya mia siku ya 9. Kisima cha bafa sasa kiko safi. Insulini imepandisha p-AKT vizuri sana. FGF21 mpya ya nanomola 100 imeamsha p-ERK dakika ya 10, ya nanomola 10 inaonekana kwa udhaifu, ya nanomola 1 hakuna kitu. Mrija wa zamani kimya. Polimiksini B haikubadilisha chochote.

Sasa nimejaribu uchukuaji wa glukosi, FGF21 nanomola 100 kwa dakika 30, hakuna tofauti na bafa, wakati insulini imepandisha. Hapo je?

Seli_na_Mafuta

Hapo FGF21 haina kosa. Insulini inahamisha GLUT4 (mlango wa glukosi) iliyokwisha tengenezwa kuipeleka kwenye utando, jambo la dakika. FGF21 inaongeza uandikwaji wa jeni ya GLUT1, mlango mwingine wa glukosi, kwa hiyo protini mpya lazima itengenezwe kwanza. Hilo lilionekana tangu kazi ya mwaka 2005 kwenye seli hizihizi za 3T3-L1. Ipe saa 24, ukiiweka pamoja na midia mpya siku inayotangulia, kisha zilaze njaa saa 3 na FGF21 ikiwemo bado, ndipo uweke glukosi ya kupimia. Weka pia kisima cha FGF21 saa 24 kikifuatiwa na insulini dakika 20 mwishoni, uone kama majibu yanajumlishana. Kwa saa 24 utahitaji kichupa cha endotoksini ndogo zaidi, kwa hiyo agiza kabla vijirija havijakwisha.